Barabara za Ohio na Muswada Usioweza Kungoja

Ohio, jimbo la viwanda na mashamba lililo kusini mwa Ziwa Erie nchini Marekani, hupanga bajeti yake kwa vipindi vya miaka miwili, na kila unapofika mwaka wa kupanga, bunge lake hutanguliza sheria ya fedha za uchukuzi, ambayo hutakiwa kumfikia gavana kabla Machi haijaisha, ndipo bajeti kuu ya shule, hospitali na magereza ifuate mwishoni mwa Juni. Kutengwa huku kwa fedha za barabara hakukuzuka kwa mazoea ya makarani tu. Kumejengwa juu ya vifungu viwili vya Katiba ya jimbo, ambavyo kila kimoja kilitungwa kwa wakati wake na kwa sababu zake, lakini kwa pamoja vimeufanya muswada wa uchukuzi kuwa uwanja wa kuamulia mambo yanayovuka mbali mipaka ya lami na madaraja.

Kifungu cha kwanza kinahusu haki ya kura ya maoni, iliyoingizwa katika Katiba mwaka 1912 ili wananchi waweze kuipinga sheria iliyokwisha kupitishwa na wawakilishi wao. Ili wapate muda wa kukusanya saini, sheria ya kawaida haianzi kutumika mpaka zipite siku 90 tangu ilipowasilishwa kwa Katibu wa Jimbo. Sheria za kutoza kodi zimesamehewa sharti hilo, na vivyo hivyo zile zinazoidhinisha matumizi ya kawaida ya serikali, yaani mishahara na gharama za uendeshaji; ujenzi wa barabara, hata hivyo, hauhesabiwi kuwa matumizi ya kawaida. Kwa kuwa mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, anayehesabu siku 90 kurudi nyuma huangukia mwishoni mwa Machi, na hesabu hiyo nyepesi huwaharakisha wabunge kuliko hotuba yoyote ya gavana.

Kifungu cha pili kilipitishwa na wapiga kura mwaka 1947. Kinaamuru kwamba mapato ya kodi ya mafuta na ya ada za usajili wa magari yasitumike ila kwa barabara, madaraja, usimamizi wa sheria za barabarani na ulipaji wa madeni yatokanayo na kazi hizo. Msomaji wa Tanzania au Kenya, ambaye kila lita ya mafuta anayonunua imebeba tozo ya barabara ndani yake, atalitambua wazo hilo mara moja. Ohio imelipandisha hadi kwenye Katiba, mahali ambapo wabunge hawawezi kuligusa bila kurudi kwa wananchi. Mahakama nayo imeulinda uzio huo kwa ukali. Mwaka 2012, katika shauri ambalo kampuni ya ujenzi ya Beaver Excavating ilikuwa miongoni mwa walalamikaji, Mahakama ya Juu ya Ohio iliamua kwamba hata kodi ya jumla ya biashara, kwa sehemu inayotokana na mauzo ya mafuta ya magari, lazima iende barabarani, na bunge likalazimika kuunda kodi mahususi kwa wauzaji wa mafuta hayo.

Uzio unaolinda huzuia pia. Mabasi na treni za mijini haziwezi kuonja hata senti ya kodi ya mafuta, ingawa abiria wake ndio wanaowapunguzia wenye magari msongamano, hivyo miji kama Cleveland na Columbus huendesha usafiri wake kwa kutegemea zaidi kodi ya mauzo ambayo wakazi wenyewe wamejipigia kura, pamoja na kiasi ambacho bunge litakubali kukitoa katika mfuko mkuu wa serikali. Kiasi hicho hupanda na kushuka kwa kufuata hali ya siasa, jambo ambalo fedha za barabara zimekingwa nalo.

Ubishi mkubwa wa miaka ya karibuni ulitokea mwaka 2019. Kodi ya mafuta ya jimbo ilikuwa imesimama kwenye senti 28 kwa galoni, yaani karibu lita 3.8, tangu mwaka 2005, huku gharama za vifaa zikipanda na magari yakizidi kutumia mafuta kidogo. Kodi ya serikali kuu ya Washington, ambayo hurudi majimboni kama ruzuku, ilikuwa haijaongezwa tangu mwaka 1993. Gavana Mike DeWine, wa chama cha Republican, akiwa na majuma machache tu madarakani, aliomba nyongeza ya senti 18. Baraza la Wawakilishi likakubali 10.7, Seneti ikataka 6, na vyumba vyote viwili vilikuwa mikononi mwa chama chake. Tarehe ya mwisho ilipita wakiwa bado wanavutana. Hatimaye kamati ya maridhiano, inayoundwa na wajumbe wa pande zote mbili ili kuunganisha miswada inayotofautiana, ilitoka na senti 10.5 kwa petroli na 19 kwa dizeli, na kodi mpya ikaanza tarehe 1 Julai kama ilivyokusudiwa, kwa sababu sheria ya kodi haifungwi na zile siku 90.

Maridhiano hayo yanaonyesha jinsi bajeti inavyotungwa kwa kubadilishana. Mapato mapya yaligawanywa asilimia 55 kwa jimbo na 45 kwa serikali za mitaa. Usafiri wa umma ukapewa dola milioni 70 kwa mwaka kutoka mfuko mkuu. Wenye magari ya umeme wakapangiwa ada ya dola 200 kila mwaka na wa magari mseto dola 100. Humo humo ndani ya sheria ya fedha kikafutwa kibao cha namba cha mbele ya gari kuanzia Julai 2020, ingawa polisi walikipigania kwa kuwa huwasaidia kutambua magari ya wahalifu. Ni vigumu kuona kibao hicho kilihusiana vipi na gharama za lami.

Muswada ambao hauwezi kukwama ni kama basi la mwisho la jioni: kila mwenye mzigo atajitahidi upakiwe. Katiba inakataza muswada kubeba zaidi ya jambo moja, na mwaka 2004 Mahakama ya Juu ilitengua kifungu cha haki za wafanyakazi kilichochomekwa ndani ya muswada wa bajeti, lakini mahakama huingilia tu pale uhusiano unapokosekana kabisa, na neno uchukuzi ni pana. Gavana naye anaweza kukifuta kifungu kimoja cha fedha bila kuukataa muswada mzima, ila turufu hiyo hulenga fedha.

Usimamizi wa baada ya bajeti una vyombo vyake. Bodi ya Udhibiti, yenye wajumbe saba ambao sita kati yao ni wabunge, hupokea maombi ya idara yanayotaka kuhamisha fedha au kununua bila zabuni ya ushindani. Miradi mikubwa ya barabara huchujwa na baraza la watu tisa lililoundwa mwaka 1997 ili uchaguzi wa miradi usitegemee nguvu ya mbunge wa eneo. Vyombo hivi vina kazi ya maana, lakini meno makali zaidi yamo katika muswada wenyewe.

Hilo lilidhihirika mwaka 2023. Tarehe 3 Februari treni ya mizigo ya Norfolk Southern iliacha reli katika mji mdogo wa East Palestine, mabehewa 38 yakaanguka, mengine yakiwa na kemikali za hatari, na maelfu ya wakazi wakaambiwa wahame. Wakati huo muswada wa uchukuzi ulikuwa tayari bungeni, kwa hiyo wabunge waliingiza masharti ya reli humo, na DeWine akautia saini tarehe 31 Machi, wakati muswada wa usalama wa reli huko Washington ukikwama. Masharti yalikuwa mawili makubwa: treni ya mizigo iwe na wafanyakazi wasiopungua wawili, na vitambuzi vya kupima joto la beringi za magurudumu vikaguliwe na kuwekwa kwa ukaribu zaidi. La pili liligusa kiini, kwani beringi iliyopata moto ndiyo iliyoiangusha treni, na vitambuzi viwili vya mwisho vilipishana kwa takriban kilomita 32. La kwanza lilikuwa dai la siku nyingi la vyama vya wafanyakazi, na treni iliyoanguka ilikuwa na wafanyakazi watatu. Katikati ya mwaka huo chama cha makampuni ya reli kilikwenda katika mahakama ya shirikisho kupinga sharti hilo la kwanza, kikidai kwamba idadi ya wafanyakazi wa treni ni jambo la Washington wala si la jimbo.