Uchovu wa Makatibu wa Vyama



Uko uchovu unaokwisha kwa usingizi wa usiku mmoja, na uko mwingine ambao mtu huamka nao asubuhi kama alivyolala nao. Makala haya yahusu huo wa pili, kwa kuwa ndio uwezao kuvipotezea vyama vyetu makatibu hodari.

Mtazameni katibu wa chama cha akiba na mikopo huku Sombetini. Wanachama wake ni mafundi seremala, washonaji, wauza mboga na waendesha bodaboda, watu ambao mchana hawana nafasi. Basi humjia jioni wakati anafunga ofisi. Akifika nyumbani, simu ya mkononi huendelea pale dirisha lilipofungwa: huyu ametuma marejesho ya mkopo na ataka stakabadhi usiku huohuo, yule auliza mbona jina lake halimo katika orodha. Wenzake wa vyama vya kahawa, huko juu kwenye miteremko ya Mlima Meru, husongwa sana wakati wa mavuno, lakini msimu una mwisho wake. Katibu wa mjini hana msimu.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger wa New York, Marekani, aliandika juu ya watu waliojitolea katika kliniki ya bure, ambamo yeye mwenyewe alihudumu baada ya kazi yake ya mchana, hata akadhoofika. Aliona kwamba wanaoelekea kupatwa na hali hiyo ni wale wenye moyo wa kujitoa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliitaja hali hiyo katika orodha yake mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika mwaka 2022, lakini likaeleza wazi kuwa yenyewe si ugonjwa, bali ni tokeo la shinikizo la kazi la muda mrefu lisilodhibitiwa vema. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia au kuikejeli kazi, na ufanisi kupungua.

Dalili ya pili aghalabu ndiyo wanachama huiona kwanza, nao huielewa vibaya. Katibu aliyekuwa mcheshi huanza kujibu kwa mkato, na watu husema amelewa madaraka. Mwandishi wa makala haya aliwahi kutunza vitabu vya chama kimoja, na jioni moja alijumlisha ukurasa uleule mara nne akapata majibu manne. Hakuna aliyemwambia apumzike. Wala yeye hakuomba, kwa kuogopa kuitwa mvivu.

Hapa ndipo Bodi zinapohusika, kwani katibu hawezi kujiponya peke yake ilhali kazi yenyewe imepangwa vibaya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mwajiriwa siku 28 za likizo ya mwaka, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na saa za kawaida za kazi zisizozidi 45 kwa wiki. Hata hivyo, katibu asiyechukua likizo miaka mitatu husifiwa katika Mkutano Mkuu. Sifa hiyo ina hatari. Vitabu visivyoguswa na mkono wa pili huweza kulaza kosa la kujumlisha mwaka hadi mwaka, na kama upo wizi, nao hujificha humohumo. Likizo kamili, ambayo mtu mwingine hushika kazi, humlinda katibu na pia hulinda fedha za wanachama.

Huenda Bodi ikajibu kwamba chama ni kidogo na hakina mtu wa pili. Basi achaguliwe mapema mwanachama au karani mmoja, akae na katibu siku chache kila mwezi, ajifunze daftari la fedha, leja za wanachama na ulinganisho wa benki. Saa za kuhudumia wanachama zibandikwe mlangoni, ikiwamo jioni moja au mbili kwa ajili ya wale wasiopata nafasi mchana.

Siku ya kuanza likizo, fedha taslimu zihesabiwe mbele ya Mwenyekiti, vitabu vya stakabadhi viandikwe namba vilipofikia, funguo zitiwe sahihi. Nayo simu ya chama, ambayo isiwe simu ya katibu mwenyewe, ibaki ofisini.