Shule Imebadilika, Je, Mtoto Anasoma?

Programu ya kurekebisha shule nzima haimlengi mwalimu mmoja wala somo moja. Inashika mambo mengi kwa mpigo: namna ya kufundisha, mafunzo ya walimu, kazi ya mkurugenzi, vitabu, hata mikutano ya wazazi. Ndiyo maana ni vigumu kuipima. Alama zikipanda, wenye programu husema ni kazi yao. Zikishuka, husema nchi ina matatizo.

Njia inayotumika sana ni kulinganisha alama za kabla na za baada, na ndiyo inayodanganya zaidi. Tuchukue Lubutu, kaskazini mwa jimbo la Maniema nchini Kongo, kwenye barabara ya Kisangani kwenda Bukavu. Kama programu ingeanza huko mwaka 2018 na kupimwa miaka miwili baadaye, katikati yake pangekuwa na Septemba 2019, serikali ya Kongo ilipoanza kutekeleza elimu ya msingi ya bure katika shule za umma. Watoto waliokuwa wakikaa nyumbani kwa kukosa minervali, yaani ada ya shule, waliingia shuleni na madarasa yakafurika. Wastani wa alama ungeweza kushuka hata pale walimu walipofundisha vizuri kuliko zamani. Machi 2020 shule zikafungwa kwa sababu ya Korona.

Mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, uliojulikana kwa miaka mingi kama TENAFEP, nao hautoshi. Unawahesabu waliofika mwaka wa sita tu. Aliyekwenda machimboni akiwa mwaka wa nne hamo. Tena unafanywa kwa Kifaransa. Mtoto wa Lubutu anayezungumza Kikumu nyumbani na Kiswahili sokoni anaweza kukosa hesabu anayoijua vizuri, kwa kuwa hakuelewa swali.

Dawa ya matatizo haya ni kura ya bahati nasibu. Shule zinazofanana huorodheshwa, kisha kura huamua zipi zianze na zipi zisubiri. Balaa likitokea, huzipata zote, na tofauti inayobaki inaweza kuhesabiwa kuwa ya programu. Si jambo la nchi tajiri peke yake: mwanzoni mwa miaka ya 2010 shirika la IRC na watafiti wa Chuo Kikuu cha New York walilifanya Katanga, katika shule zipatazo 60 zenye wanafunzi zaidi ya 4,000 waliopimwa. Walimu walifundishwa kusomesha kusoma na hesabu, na pia kumfanya mtoto aliyepitia vita ajisikie salama darasani. Wakawa wanakutana wenyewe shuleni kusaidiana. Baada ya mwaka mmoja watoto waliwaona walimu wao kuwa watu wa kuwategemea zaidi, na kusoma kulipanda kidogo. Kujumlisha na kutoa hakukusogea vya kutosha.

Tanzania ilitoa jibu gumu zaidi. Mwaka 2013 na 2014 shirika la Twaweza lilifanya jaribio katika shule 350: nyingine zilipewa fedha za matumizi, nyingine walimu wake waliahidiwa bahashishi kwa kila mtoto atakayefaulu, nyingine zikapata vyote viwili, na zilizobaki hazikupata kitu. Fedha za shule peke yake hazikuinua masomo. Zilipoungana na bahashishi, alama zilipanda waziwazi.

Muda nao una uzito. Nchini Marekani, uchambuzi wa mwaka 2003 uliopitia programu 29 za aina hii ulikuta kwamba faida kubwa ilionekana katika shule zilizodumu nazo miaka mitano au zaidi. Miradi mingi ya wafadhili hufungwa kabla ya hapo.

Kwa Lubutu, basi, kura ingepigwa hadharani, mbele ya wawakilishi wa mitandao ya shule za Kikatoliki, Kiprotestanti, Kikimbangu na Kiislamu, maana wao ndio wanaosimamia shule nyingi. Kusoma kungepimwa kwa Kiswahili pamoja na Kifaransa. Na mtoto aliyeacha masomo angefuatwa nyumbani apimwe vilevile. La sivyo, shule iliyowapoteza wanafunzi wake dhaifu ingeonekana bora kuliko iliyowabakiza.