UCHANGANUZI MAUDHUI: Kuhesabu maneno pekee hakutoshi katika utafiti wa mazingira

Wanafunzi wengi wa uzamili wanaotafiti kuhusu jamii na mazingira hutatizwa na swali moja: Je, uchanganuzi maudhui ni mbinu ya kiidadi au ya kithamano? Jibu ni kwamba unaweza kuwa yote mawili, na aghalabu huzaa matunda bora unapotumiwa kama mbinu mseto.

Mvutano huu si wa leo. Mwaka wa 1952, Bernard Berelson wa Marekani aliifafanua mbinu hii kuwa maelezo ya kiidadi, yenye utaratibu na yasiyoegemea upande, kuhusu yale yaliyo wazi katika mawasiliano. Mwaka uo huo, Siegfried Kracauer aliukosoa mkabala huo, akisema kuwa kung'ang'ania takwimu kunaweza kupunguza usahihi.

Hebu tutazame Msitu wa Mau. Tuseme mtafiti anataka kujua jinsi magazeti yalivyowasawiri Waogiek katika habari za kufurushwa kwao msituni. Kwanza, ataweka mipaka ya sampuli: magazeti yapi na ya miaka ipi? Pili, ataamua atachanganua neno, sentensi au habari nzima. Tatu, ataunda kategoria, kwa mfano 'wavamizi', 'wenyeji' na 'walinzi wa msitu', na kueleza bayana mipaka ya kila moja. Kisha watu wawili wataainisha matini zilezile bila kushauriana. Wakitofautiana mno, kategoria zirekebishwe.

Hapo sasa hesabu huanza. Lakini linganisha sentensi hizi nilizozitunga: "Wavamizi waondoke msituni" na "Sisi si wavamizi." Kwa anayehesabu tu, neno limetokea mara mbili, basi. Kwa anayesoma, sentensi ya kwanza inashtaki, ya pili inakana shtaka. Ukizitia kapu moja, sauti ya anayejitetea inageuka ushahidi dhidi yake!

Hili si suala la darasani tu. Mnamo Mei 26, 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, jijini Arusha, iliamua kuwa Kenya ilikiuka haki za Waogiek, na kwamba uhifadhi wa mazingira haukuwa sababu halali ya kuziingilia haki hizo.

Upande wa pili nao una mtego wake. Anayedondoa nukuu mbili tatu zinazomfaa, bila kuonyesha zinatokea mara ngapi, anathibitisha alichokuwa ameshaamini.

Kwa hivyo, hesabu ili ujue neno linatokea wapi na mara ngapi. Kisha soma ujue nani analitamka, kumhusu nani na kwa nia gani. Ripoti za utafiti husomwa na waunda sera, na sera ya msitu huamua nani atabaki na nani atafungasha virago.