Mpeleke mtoto maktaba, lakini mwache daftari nyumbani

Jioni moja mwanangu wa darasa la nne alinisomea hadithi nzima ya Abunuwasi bila kukwama. Ni ile ya sufuria. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, kisha anairudisha ikiwa na kisufuria ndani na kusema kwamba imezaa. Jirani anafurahi, anapokea zote mbili. Safari nyingine Abunuwasi anaazima tena na harudishi. Anapodaiwa, anajibu kwamba sufuria imekufa.

Nikamuuliza, "Kwa nini jirani alikubali kwamba sufuria inaweza kuzaa?"

Akautazama ukurasa juu na chini, akageuza wa pili.

"Mama, mbona hapa hakuna maswali?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Mtoto anayejua kusoma kila neno alikuwa anatafuta swali lenye a, b, c na d. Kwake kusoma ni mtihani, na mtihani ukiisha kitabu kinafungwa.

Nadhani si yeye peke yake. Ingia maktaba Jumamosi asubuhi. Mara nyingi utakuta viti vimejaa wanafunzi, lakini mezani wameweka madaftari yao na mitihani ya miaka iliyopita. Rafu za hadithi ziko nyuma yao, hazina mtu. Kujisomea ni jambo jema. Kwa mtoto ambaye kwao hakuna meza wala utulivu, kiti cha maktaba ni msaada mkubwa. Lakini anayekwenda kwa ajili ya mtihani tu, bado hajaionja maktaba.

Likizo hii mpeleke hata mara moja bila daftari.

Kabla ya kwenda

Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ina maktaba mikoani na katika baadhi ya wilaya. Kwa walio Dar es Salaam ipo Maktaba Kuu ya Taifa, barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 9, 1967. Ina sehemu ya watoto.

Popote ulipo, uliza kwanza mambo matatu: sehemu ya watoto inafunguliwa saa ngapi, uanachama wa mtoto ni kiasi gani, na kama anaruhusiwa kuazima kitabu na kwenda nacho nyumbani.

Mkifika, mwache achague mwenyewe. Akichukua kitabu chepesi kuliko darasa lake, usimpokonye. Kama una wasiwasi kwamba ni kigumu, asome ukurasa mmoja na kukunja kidole kwa kila neno asilolijua. Vidole vya mkono mmoja vikiisha, msomee wewe au tafuteni kingine.

Miaka 3 hadi 6

Hawa wape vitabu vya picha. Anza na "Paukwa!" naye aitikie "Pakawa!" Kisha fungueni kurasa taratibu na umuulize anachokiona. Mzazi ambaye hakubahatika kusoma sana anaweza kufanya hivi vizuri kabisa, kwa sababu hadithi nusu iko kwenye picha.

Kama maktaba iko mbali, tumia simu uliyoshika sasa hivi. African Storybook, mpango wa shirika la Saide la Afrika Kusini, unatoa hadithi za picha bila malipo, na nyingi ziko kwa Kiswahili. Pakua chache ukiwa na bando, msome baadaye hata kama halipo.

Miaka 7 hadi 10

Hekaya za Abunuwasi zinawafaa sana. Ni fupi, zinachekesha, na kila moja ina ujanja wa kufumbua. Muulize pia mkutubi vitabu vilivyotoka kwa msaada wa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991 ili kuongeza vitabu vya watoto vya Kiswahili.

Mkishasoma, igizeni. Hadithi ya sufuria inahitaji sufuria mbili na watu wawili tu. Mtoto awe jirani, wewe uwe Abunuwasi, halafu mbadilishane.

Miaka 11 hadi 13

Jaribuni *Adili na Nduguze* cha Shaaban Robert. Kiswahili chake ni cha zamani kidogo, kwa hiyo someni pamoja, sura moja kwa jioni moja. Kuna gavana mwema anayesifiwa na watu wake, lakini kila usiku anawachapa manyani wawili. Kwa nini? Kabla hamjafika kwenye jibu, kila mtu aandike dhana yake kwenye kikaratasi na kukitia kwenye kikombe. Mtavifungua mwishoni. Hakuna alama wala wa kwanza.

Miaka 14 hadi 18

Umri huu hawataki kuhubiriwa, kwa hiyo wape upelelezi. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimbuni Bwana Msa, mpelelezi wa kiko mdomoni, na kitabu cha kwanza ni *Mzimu wa Watu wa Kale*. Kijana anayependa kubishana juu ya siasa mpe *Kusadikika*. Binti anayependa muziki mpe *Wasifu wa Siti binti Saad*. Vyote viwili ni vya Shaaban Robert.

Wakiwa wengi nyumbani, chukueni *Mabepari wa Venisi*, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, msome ile sehemu ya mahakamani kwa sauti. Gawaneni wahusika. Mgomvi wa nyumba apewe Shailoki.

Kwa wanaosoma shule za Kiingereza

Usishangae kama mtoto anayezungumza Kiswahili siku nzima anakwama kukisoma. Usimcheke wala usimlinganishe na binamu yake. Mpe kazi ya kumsomea mdogo wake kitabu cha picha. Atasoma chepesi bila aibu, na mdogo hatamsahihisha.

Na wewe, mzazi

Dakika 15 kwa siku zinatosha, simu ikiwa imewekwa kando kama hamsomei humo. Uliza swali moja tu, lile ambalo wewe mwenyewe unataka kujua jibu lake. Asipojibu, acha. Mwanangu hakujibu siku ile, nami sikumlazimisha. Tuliendelea kusoma hadithi nyingine.

Wiki tatu baadaye ujumbe uliingia kwenye simu yangu: nimeshinda milioni kumi, nitume kwanza elfu thelathini za usajili. Niliusoma kwa sauti ili tucheke. Mwanangu alikuwa anakula.

"Mama, hiyo ni sufuria imezaa," alisema. "Yule jirani alikubali kwa sababu alikuwa anapata faida."

Akaendelea kula ugali wake.