Spika ya sebuleni kwenye kompyuta: inaokoa hela, ila chunga simu za nyumbani

Leo tunaongelea spika. Msicheke, ni suala la hela.

Wengi wetu tuna spika isiyo na waya sebuleni. Uliinunua kwenye punguzo la Black Friday, au uliachiwa na mwenzako aliyerudi nyumbani moja kwa moja. Sasa unafanyia kazi chumbani, sauti ya kompyuta unaiona nyembamba, na mkono unawasha ununue spika za mezani. Ngoja kwanza. Hiyo uliyonayo inaweza kufanya kazi hiyo. Sisi tulijaribu hapa Leicester, tukaokoa pauni 40. Halafu tukalipa shilingi 250,000 kwa kosa ambalo hatukulitegemea.

Ilikuwa hivi. Spika yetu inatumia Wi-Fi. Tuliiweka mezani, tukaiunganisha na kompyuta, muziki ukatoka safi kabisa. Jumapili tukampigia Mama Tanga kwa video, maana kuna nyumba tunaezeka.

"Mama, fundi amekuja leo?" Kimya. Tukadhani mtandao umekata. Tukauliza lingine: "Mabati yote yameshapigwa?"

"Ndiyo, mwanangu."

Basi, tukaaga haraka, na jioni ile tukamtumia fundi laki sita zake zilizobaki. Kumbe ile "ndiyo" ilikuwa jibu la swali la kwanza! Jibu la pili, kwamba upande wa jikoni bado, lilifika wakati tunaaga na kukata simu. Mvua ikanyesha jikoni. Na fundi akishalipwa yote, mnajua wenyewe kumpata. Tukatafuta mwingine, 250,000 zikaenda.

Kosa halikuwa la Mama wala la mtandao wa Tanga. Spika za Wi-Fi huhifadhi sauti kidogo kabla ya kuitoa, ili muziki usikatike na spika za vyumba tofauti zipige kwa pamoja. Kwa njia kama AirPlay, kuchelewa huko kunaweza kufika kama sekunde mbili. Kwenye muziki hutagundua. Hata kwenye filamu, baadhi ya programu hurudisha picha nyuma ili ilingane na sauti. Mazungumzo hayasubiri. Tena spika ikichelewa, kompyuta inaweza kushindwa kuizuia sauti hiyo isirudi kwenye maikrofoni, na wa nyumbani wakajisikia wenyewe kama mwangwi.

Bluetooth huchelewa kidogo zaidi ya waya, kwa kawaida sehemu ndogo tu ya sekunde. Kwa simu inavumilika. Waya ndiyo bora.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hata senti, igeuze spika yako uangalie nyuma:

1. Kuna tundu la kuingiza sauti? Sonos Five inalo, la milimita 3.5 kama la hedifoni. Era 100 inaingiza sauti kwa tundu la USB-C, lakini kiunganishi chake kinauzwa peke yake, kwa hiyo kiweke kwenye hesabu. Ukitumia waya kwenye Sonos, ingia kwenye mipangilio uweke muda wa kuchelewesha uwe mdogo kabisa.

2. Tundu ni la kuingiza au la kutoa? Hapa wengi wanapigwa. Amazon Echo ya kizazi cha 4, ya mwaka 2020, unaweza kuchagua kwenye programu yake liwe la kuingiza au la kutoa. Mdogo wake, Echo Dot ya kizazi hichohicho, tundu lake ni la kutoa tu. Ukinunua waya kwa ajili yake umetupa hela.

3. Haina tundu kabisa? HomePod haina, na haipokei muziki kwa Bluetooth. Sonos One nayo haina tundu wala Bluetooth ya kusikilizia. Nest Audio haina tundu, ila Bluetooth inayo. Spika za Wi-Fi peke yake ziache zipige muziki, usizilazimishe kwenye simu.

Sasa hesabu, maana ndiyo kazi yetu. Spika za mezani tulizokuwa tunazitamani zilikuwa pauni 40. Spika yetu haina tundu la kuingizia, kwa hiyo tulinunua hedifoni ya waya kwa pauni 8, ya simu za nyumbani tu. Muziki bado unapigwa na spika ileile. Bado tumebakiwa na pauni 32, na kama tungeanza hivi, jikoni kwa Mama kusingevuja.

Na jambo moja la mwisho, hata kama waya wako ni mzuri kiasi gani. Makubaliano ya hela yasiishie kwenye simu. Ukimaliza kuongea, andika ujumbe mfupi: "Mama, umesema kazi imekwisha yote, tumlipe laki sita?" Akijibu kwa maandishi, ndipo utume. Haichukui hata dakika moja.

Tukutane wiki ijayo. Wasalimieni wa nyumbani, na msubiri wajibu kabla hamjauliza lingine.