Taiwan: Katika mji wa Wahakka milimani, ua dogo linalisha familia lakini lugha inabakia jikoni

NANZHUANG – Harufu ndiyo inayokupokea kwanza. Ukiwa bado chini kwenye ngazi za mawe, kabla ya kuona duka lolote, unasikia harufu tamu kama ya tunda lililoiva sana. Unatazama juu ukitafuta ua kubwa, huoni kitu. Ni lazima usogee karibu na mti ndipo uone vijiua vidogo kuliko punje ya mchele, vya rangi ya manjano hafifu, vimejificha chini ya majani.

Wachina wanaliita guihua. Hapa Nanzhuang, mji mdogo wa milimani katika wilaya ya Miaoli, kaskazini-magharibi mwa kisiwa cha Taiwan, ua hilo limepewa kichochoro kizima. Kutoka Taipei nilipanda treni hadi Zhunan, kisha basi lililopanda milima kwa muda wa karibu saa moja. Wakaaji wengi wa mji ni Wahakka. Juu zaidi milimani wanaishi Wasaisiyat na Waatayal, wenyeji waliokuwa kisiwani kabla Wachina hawajafika.

Mwanzoni mwa kichochoro kuna birika refu la mawe linalopitisha maji ya mlimani. Tangu zamani wanawake wa mtaa wanafulia hapo, na wengine wanafulia hadi leo. Nilimkuta mama mmoja akisugua suruali juu ya jiwe, huku watalii wakisimama kando kumpiga picha. Hakuwatazama.

Duka mbele, mkahawa nyuma

Duka nililokuja kulitembelea liko katikati ya kichochoro. Upande wa mbele wanauza chupa za guihua iliyolowekwa katika asali au sukari, paketi za chai yenye maua hayo, na mifuko iliyoshonwa kwa kitambaa chekundu chenye maua makubwa, kinachomkumbusha Mkongomani vitenge vya nyumbani. Upande wa nyuma kuna meza saba na jiko. Anayeuza ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu. Anayepika ni bibi yake.

Bibi alinieleza kazi ya maua, mjukuu akitafsiri. Maua yanachumwa asubuhi, kabla jua halijapunguza harufu. Baada ya hapo ni kuchambua: majani, vijiti na wadudu vinatolewa kimoja kimoja, na kwa ua dogo namna hii kazi hiyo inamaliza macho. Yanaoshwa kwa maji ya chumvi na kuachwa yakauke kidogo. Kisha yanapangwa ndani ya chupa, tabaka la maua juu ya tabaka la sukari, na kuachwa hadi sukari inywe harufu yote. Kikapu kizima kinatoa chupa chache tu.

Nililetewa bakuli la tangyuan, vidonge vyeupe vya unga wa mchele unaonata, ndani ya maji matamu ya moto yenye guihua ikielea juu. Kwa karibu dola mbili za Marekani, si chakula cha kushibisha. Chakula chenyewe kilifuata: tambi pana za mchele, na mchanganyiko wa nyama ya nguruwe, ngisi mkavu na tofu, vilivyokaangwa pamoja na chumvi nyingi. Wahakka hawaoni haya kusema kwamba chakula chao kina chumvi, kina mafuta na kina harufu. Kilikuwa chakula cha watu waliotoka jasho mlimani tangu alfajiri.

Mezani kulikuwa pia na bakuli la udongo lenye mikwaruzo ndani, na mti wa kusagia. Mteja anatwanga mwenyewe majani ya chai, ufuta na karanga mpaka vitoe mafuta, halafu anamimina maji ya moto. Chai hiyo inaitwa leicha. Aliyewahi kuona mama yake akitwanga sombe hatahitaji maelezo. Mkono wangu ulichoka kabla ya chai kuwa tayari, na bibi akacheka.

Jamaa za wageni

Jina Hakka lina maana ya "jamaa za wageni". Mababu zao walihama kaskazini mwa China kwa vizazi vingi, wakafika milima ya kusini, katika majimbo ya Guangdong, Fujian na Jiangxi. Kuanzia mwisho wa karne ya 17 wengi walivuka bahari kuja Taiwan. Wachina wengine, hasa kutoka Fujian, walikuwa wametangulia, na sehemu kubwa ya tambarare nzuri ilikuwa mikononi mwao. Kwa hiyo Wahakka wengi walipanda vilimani, na mara nyingi walipigana na wenyeji waliokuwa wakilinda ardhi yao.

Nanzhuang iliishi kwa kile mlima ulichotoa. Wakati wa utawala wa Japani, kuanzia 1895 hadi 1945, ilikuwa kafuri na mbao. Baadaye yakaja makaa ya mawe. Katika miaka ya 1950 na 1960 wachimbaji waliujaza mji, na kulikuwa na jumba la sinema la kuwaburudisha. Mume wa bibi huyu alikuwa mmoja wao. Kisha makaa yakakosa soko, migodi ikafungwa, vijana wakateremka kutafuta kazi katika viwanda vya tambarare. Msomaji anayeishi karibu na mgodi wa dhahabu au wa koltani anajua swali ambalo mji kama huo unajiuliza: siku mgodi ukinyamaza, tutakula nini?

Hapa jibu moja lilikuwa ua. Miti ya guihua ilikuwepo tayari, nyuma ya nyumba na kando ya njia. Watalii walipoanza kupanda mlima mwisho wa juma, familia ziliwauzia kile walichokuwa wakila wenyewe. Mjukuu alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha vifaa vya elektroniki. Aliacha kazi na kurudi. Anasema siku za kazi duka linalala, lakini Jumamosi na Jumapili watu hawapati mahali pa kukanyaga.

Serikali nayo iliona nguvu ya maua. Kunako 2002, idara ya serikali inayoshughulikia mambo ya Wahakka ilianzisha sikukuu ya maua meupe ya mti wa tung, yanayofunika milima mwezi wa Nne na wa Tano kama theluji. Mti huo ulipandwa kwa wingi wakati wa Wajapani kwa ajili ya mafuta yake, yaliyopakwa kwenye miavuli ya karatasi na mbao zisiingize maji. Wazee waliujua kama mti wa kuuza. Wajukuu wao wameupokea kama alama ya kabila. Hata kile kitambaa chekundu zamani kilishonewa mablanketi katika nyumba nyingi za Taiwan, si za Wahakka peke yao. Leo kinauzwa kama kitambaa cha Wahakka.

Guihua au guifa?

Nikiwa nimekaa karibu na jiko, nilisikia jambo lililonishangaza. Kila bibi alipotaja ua lile, hakusema guihua. Alisema guifa.

Kibao cha mlangoni hakiwezi kukuonyesha tofauti hiyo. Herufi za Kichina ni zile zile. Msomaji wa Kimandarini, lugha ya shule na ofisi, anasoma hua. Mhakka anasoma fa. Kibao ni kimoja, lakini watu wawili wa nyumba moja hawakisomi kwa sauti moja.

Mjukuu anaelewa kila neno la bibi yake. Lakini anamjibu kwa Kimandarini, kila mara. Nilisikiliza kwa saa mbili: oda zinatoka jikoni kwa Kihakka, majibu yanarudi kwa Kimandarini. Hawakuonekana kuona ajabu yoyote.

Chanzo chake si siri. Baada ya vita, serikali iliyotawala kwa sheria ya kijeshi hadi 1987 ililazimisha Kimandarini shuleni. Mtoto aliyeongea lugha ya nyumbani aliadhibiwa: faini, au kuvalishwa kibao shingoni. Wazazi wengi waliamua kuwaepusha watoto wao na aibu hiyo, wakaacha kuongea nao lugha yao. Tarehe 28 Desemba 1988, maelfu ya Wahakka waliandamana mjini Taipei wakidai warudishiwe lugha ya mama. Mwaka 2001 ile idara ya Wahakka iliundwa, mwaka 2003 ikaja televisheni yao, na sheria iliyorekebishwa mwisho wa 2017 ilikipa Kihakka cheo cha lugha ya taifa.

Cheo kimekuja, waongeaji wanapungua. Wahakka wa Taiwan wanahesabiwa zaidi ya milioni 4, lakini wanaoongea Kihakka vizuri hawafiki nusu yao, na wengi wao ni wazee. Kwetu Bukavu, Butembo au Uvira jambo hili si geni. Ni nyumba ngapi ambamo bibi anasema Kimashi, Kinande au Kifuliiru, na mtoto anamjibu kwa Kiswahili?

Nilimuuliza mjukuu kama jambo hilo linamsumbua. Alifunga chupa mbili kwanza ndipo akajibu. Alisema watalii wanaingia dukani kutafuta kitu cha Kihakka, yeye anawauzia, na jioni anajiuliza kama yeye mwenyewe bado ni mmoja wao.

Mchana binti yake alirudi kutoka shuleni, begi mgongoni. Ana miaka minane. Shule inafundisha Kihakka kipindi kimoja kwa juma. Mama yake alimwomba anionyeshe alichojifunza, naye akasimama wima na kutaja maua, rangi na wanyama, moja baada ya jingine. Alipofika kwenye guifa alilitamka vizuri kabisa, na bibi mzee akatoka jikoni kumsikiliza, mikono ikiwa bado na unga.

Alipomaliza tulimpigia makofi. Kisha mtoto akamgeukia bibi yake na kuomba bakuli la tangyuan. Aliomba kwa Kimandarini. Bibi alimjibu kwa Kihakka, akarudi jikoni kuwasha moto.