Redio yenye namba si lazima iwe ya dijitali



Mwezi uliopita nilikaribishwa kwenye mkutano wa kikundi kimoja cha kina mama hapa Kangeta, upande wa juu tunapoelekea milimani. Juu ya meza palikuwa na redio mpya, hata karatasi yake ya nailoni ilikuwa haijatolewa. Mweka hazina alikuwa ameinunua kwa shilingi 4,500 kutoka kwa mfuko wa mbuzi. Muuzaji aliyepita na mkoba siku ya soko alikuwa amewaambia hivi: "Mama, FM itazimwa kama vile televisheni ilizimwa. Hii ni dijitali. Msiponunua sasa mtabaki na sanduku lisilosema."

Nikaiwasha. Ilikuwa na kioo kidogo kinachoonyesha namba za stesheni. Nikageuza nyuma nikasoma: FM, AM, nafasi ya memori kadi. Basi. Ni redio ya FM kama zile nyingine, na hapa sokoni ya aina hiyo hupatikana kwa chini ya nusu ya pesa hizo. Zile namba zinaonyesha tu mahali ambapo sindano ya redio ya zamani ingesimama. Kioo ni cha dijitali, sawa, lakini sauti inayoingia ni ile ile ya FM.

Mweka hazina alinyamaza kabisa, na kina mama wengine wakaanza kumtazama vibaya. Sikupenda. Huyo mama hakuiba, alidanganywa kwa jambo ambalo hata watu waliosoma hulichanganya. Ndiyo maana naliandikia vikundi vyote.

Kwanza, hofu hiyo ilitoka wapi? Ilitoka kwa televisheni. Nchi nyingi za dunia zilikubaliana huko Geneva mwaka wa 2006 kuhama kutoka mitambo ya zamani, na siku ya mwisho ikawekwa kuwa 17 Juni 2015. Kenya ilianza kuzima mitambo ya zamani mwishoni mwa 2014. Mnakumbuka vile Februari 2015 stesheni kubwa za televisheni zilipotea karibu wiki tatu kwa sababu ya ugomvi juu ya nani abebe matangazo ya nani. Asiye na king'amuzi alibaki na kioo cheusi. Lakini uhamisho huo ulikuwa wa televisheni peke yake. FM haikuguswa, na mpaka leo Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya haijatangaza siku yoyote ya kuizima. Mtu akikuambia siku ipo, mwambie akuonyeshe tangazo.

Sasa, dijitali yenyewe ni nini? Redio ya FM hutuma wimbi linaloiga sauti ya mtangazaji, likitikisika vile sauti inavyotikisika. Ukikaa nyuma ya mlima, wimbi linafika limechoka na unasikia shhh, shhh, lakini maneno bado unayashika. Redio ya dijitali kwanza hugeuza sauti kuwa hesabu, inatuma zile hesabu, na chombo chako kinazijenga tena ziwe sauti. Zikifika zote, sauti ni safi kama mtu ameketi nawe. Zikipungua sana, kimya. Kwa sisi tulio kwenye mikunjo ya Nyambene jambo hili si dogo. Kuna miteremko huku Igembe ambapo mawimbi ya FM hufika kwa shida, kwa sababu hayo husafiri kama macho, mlima ukisimama mbele yanazuiwa. Huko watu wamezoea kusikiliza katikati ya kelele. Dijitali haina kelele, lakini pia haina huruma.

Faida yake kubwa ni nafasi. FM inakaa kati ya 87.5 na 108, na stesheni mbili haziwezi kukaliana karibu bila kuingiliana. Mwaka wa 1996 stesheni ya kwanza ya FM ya mtu binafsi, Capital FM, ilipoanza Nairobi, nafasi ilikuwa tele. Kisha zikaja stesheni za lugha zetu, Kameme ya Kikuyu mwaka wa 2000, na baadaye za Kimeru kama Muuga FM. Leo Nairobi na miji mikubwa masafa ya FM yamejaa. Kwa mtindo wa dijitali wa nchi kavu, ule unaoitwa DAB, mtambo mmoja hubeba stesheni kumi na zaidi kwa pamoja. Waingereza wa BBC walianza mwaka wa 1995. Norway ilizima FM ya stesheni zake za kitaifa mwaka wa 2017, na hata huko stesheni nyingi ndogo za vijijini ziliachwa kwenye FM. Kwa hivyo siku moja jambo hili laweza kufika kwetu, sikatai. Lakini redio ya DAB huwa imeandikwa DAB au DAB+. Ile ya mfuko wa mbuzi haikuwa na herufi hizo, na hata ingekuwa nazo, hapa Kangeta ingeshika nini?

Wengi hawajui kwamba Afrika ilipata redio ya dijitali mapema kuliko nchi nyingi tajiri. Mhabeshi mmoja, Noah Samara, alianzisha kampuni iliyoitwa WorldSpace. Mwezi wa Oktoba 1998 setilaiti yake, AfriStar, ilirushwa angani, na mwaka uliofuata ikaanza kutangaza. Ulinunua redio maalum yenye antena bapa, ukaielekeza kwenye setilaiti, na ukashika stesheni kadhaa kwa sauti safi hata ukiwa jangwani. Wazo la mwanzo lilikuwa zuri: mtu wa kijijini asikie habari za afya na kilimo bila kungoja mnara ujengwe. Hapa Kenya taasisi ya mitaala, wakati huo ikiitwa KIE, ilitumia njia hiyo kupeleka vipindi vya masomo kwenye shule za msingi.

Lakini redio hizo zilikuwa ghali kwa mkulima, na baadaye kampuni ikaanza kutoza ada ya kusikiliza. Mwaka wa 2008 ilishindwa na madeni ikaenda mahakamani Marekani, na matangazo yake yakafa. Redio zikabaki. Sehemu yake ya setilaiti haingeweza kushika kitu kingine chochote. Mimi nimewahi kuona kimoja cha vyombo hivyo kwenye kabati ya shule, kimeshikilia vitabu visianguke. Redio ya FM si hivyo, stesheni moja ikifunga unasogeza mbele kidogo unapata nyingine. Chombo kinachomtegemea mtu mmoja tu, kikundi kifikirie mara mbili kabla ya kutoa pesa.

Dijitali ambayo imeingia kweli nyumbani kwetu imepitia mlango mwingine, simu. Stesheni karibu zote sasa zinasikika kwa intaneti. Kijana aliye Qatar au Boston anasikiliza Kimeru akiwa kazini na kutuma salamu kwa mamake. Hilo ni jambo la kufurahia. Pia ving'amuzi vingine vya televisheni huleta stesheni kadhaa za redio ndani yake.

Ila mjue gharama. Hesabu si ngumu. Sauti ya kawaida ya redio kwa intaneti hula kama MB 29 kwa saa moja. Ukisikiliza saa mbili kila siku kwa siku 30, ni karibu GB 1.7. Stesheni zinazotuma sauti nzito zaidi hula mara mbili ya hiyo. Pigeni hesabu kwa bei ya bando mnazonunua, halafu linganisheni na mawe mawili ya redio. Simu ya kabambe, ile ndogo ya vibonye, nyingi zina FM ndani yake na haziguzi bando hata kidogo, waya wa earphone ndio antena. Simu kubwa za kisasa nyingi hazina FM. Nimeona baba amenunulia nyanya simu nzuri ya kioo, na nyanya akapoteza redio siku hiyo hiyo.

Hili ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yule muuzaji. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, masomo yalitangazwa kwenye redio ya KBC, na mtoto asiye na simu wala bando alipata angalau kitu. Utabiri wa mvua kabla ya kupanda, tangazo la chanjo ya mifugo, bei za sokoni, hizo zikihamia kwa intaneti peke yake, ni nani atabaki nje? Ni yule yule wa siku zote.

Vikundi visifikiri kwamba haya ni ya wakubwa wa Nairobi. Kule Nthongoni, Kibwezi, vikundi vya kina mama ndivyo vilivyoanzisha redio yao ya jamii, Mang'elete. Na Mamlaka inapotaka kubadilisha kanuni za utangazaji huomba maoni ya wananchi. Barua ya kikundi, yenye sahihi na muhuri, ni maoni.

Mkitaka kununua redio ya kikundi, itakayobebwa kwenye mikutano, muulizeni muuzaji inashika nini hapa tulipo, si huko Nairobi. Iwashwe mbele yenu, na mahali mnapokutania, siyo sokoni ambapo kila kitu kinasikika. Mpewe risiti yenye jina la duka. Mkipata inayochajiwa kwa jua na yenye nafasi ya memori kadi, hiyo ni nzuri, kwa sababu kijana mmoja mwenye bando anaweza kuchukua kipindi cha kilimo mjini akakileta kwenye kadi, na watu thelathini wakasikiliza pamoja na kujadiliana. Bando la mtu mmoja, masikio thelathini.

Kile kikundi kiliamua mweka hazina abaki kazini, lakini ununuzi wowote wa zaidi ya shilingi 1,000 utafanywa na watu watatu. Redio imebaki kwa kikundi, huletwa kila Alhamisi. Muuzaji hajaonekana tena sokoni.